Gari la Nani Hili?

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tuliongea kuhusu magari yetu ya kwanza, tukacheka mpaka maikrofoni ikaanguka. Mimi nilikuwa kimya kuliko kawaida, na baadhi yenu mligundua. Mmeniuliza: vipi, wewe hukuwahi kuwa na gari?

Nilikuwa nalo. Liliibwa. Na kilichoninyamazisha si wizi wenyewe, ni yale yaliyofuata. Baba ameniruhusu niyaandike kwa sharti moja tu: nisiseme kwamba alilia. Basi, hakulia.

Ilikuwa Januari, hapa kwetu Coventry, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. (Kwa mliozoea saa za Kizungu, hapo ongeza sita. Tumeshalifundisha hili kwenye kipindi, sirudii.) Gari ni Yaris ya kijivu ya mwaka 2018. Jina kwenye makaratasi ni la baba. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Nje baridi imekaza, kioo cha mbele kimeganda barafu nyeupe, na mimi natakiwa kazini Birmingham saa mbili kamili. Nikafanya wanachofanya watu wote mtaani kwetu: nikawasha injini, nikafungulia hita mpaka mwisho, nikarudi ndani kumalizia chai.

Dakika nne. Labda tano.

Nilisikia mlango wa gari unabamizwa. Unajua jinsi mlango wa gari la nyumbani kwenu unavyolia, huwezi kuuchanganya na wa jirani. Nikatoka na kandambili juu ya barafu, nikaona taa nyekundu za nyuma zinakata kona. Nikapiga kelele, "Weee!" Kwa Kiswahili. Mwizi gani wa Coventry atasimama kwa "weee"?

Baadaye polisi aliyekuja akaniambia kwa upole kwamba asubuhi za namna hiyo kuna watu wanazunguka mitaani bila kifaa chochote. Hawavunji kioo, hawafungui kitu. Wanatafuta tu moshi wa ekzosi kwenye gari lisilo na mtu. Moshi mweupe alfajiri unaonekana toka mwisho wa barabara. Akaniambia na jingine nisilolijua: kuacha gari barabarani injini inaunguruma bila mtu ndani ni kosa la kisheria hapa, hata lisipoibwa. Hakuniandikia faini. Nadhani aliona kandambili.

Halafu ndiyo ikaja simu ya bima.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho wengi wenu mnakijua bila kuelezwa. Kiingereza cha baba ni kizuri. Anabishana nacho kazini, anatania nacho kwenye foleni. Lakini ikifika simu ya kampuni, benki au shule, simu hiyo inahamia kwangu. Imekuwa hivyo tangu nina miaka kumi na moja. Ni ukarani wa familia, kazi isiyo na mshahara wala likizo. Kwa hiyo tukakaa mezani, simu katikati, spika imewashwa. Mimi nikaanza: naitwa fulani, naongea kwa niaba ya baba yangu, yuko hapa pembeni. Baba akasema "Yes, hello" kuthibitisha, kisha akanyamaza.

Swali la tatu au la nne likawa hili: ufunguo ulikuwa wapi?

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Ameshasikia habari na ameshatoa ushauri kabla hata hatujapiga simu. Akaninong'oneza tena: "Sema walikupora. Sema walikushika mkono wakakunyang'anya." Baba hakusema kitu. Aliangalia simu.

Nikasema ukweli. Ningependa kuwaambia ni kwa sababu ya malezi mema, lakini nilikuwa nafikiria mambo mawili: kwamba wataomba funguo zote mbili na sisi tulibaki na mmoja, na kwamba jirani wa mbele ana kengele yenye kamera. Anayedanganya kwenye dai la bima hapotezi dai tu. Huo ni ulaghai, unaweza kumpeleka mtu mahakamani, na jina lake likawekwa kwenye orodha ambazo kampuni zote za bima husoma. Mjomba hajui hayo. Mjomba alijifunza mambo ya bima Dar es Salaam, ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kulipwa hata mara moja.

Tusimame hapa kidogo, maana nimegundua wengi wetu tunalipa kitu kila mwezi bila kujua tumenunua nini.

Nyumbani Tanzania watu husema bima ndogo na bima kubwa. Ni maneno mazuri, tuyatumie. Bima ndogo inawalipa wengine unaowaumiza au kuwaharibia mali. Gari lako likiibwa, bima ndogo haikupi hata senti. Uingereza kuna ya katikati pia: bima ndogo iliyoongezwa wizi na moto. Halafu kuna bima kubwa, inayolipa hata gari lako mwenyewe ukiligonga kwa kosa lako. Kwa kijana, usidhani ndogo ndiyo rahisi. Mara nyingi kubwa inatoka bei ya chini kuliko ndogo, kwa sababu kampuni zimeona madereva wa hatari wakikimbilia ndogo. Omba bei ya zote tatu kila mara.

Na hata ukiwa na bima kubwa, hulipwi bei uliyonunulia gari. Unalipwa thamani ya gari lile siku lilipopotea, likiwa na kilomita zake na mikwaruzo yake. Kisha kwenye thamani hiyo wanakata kile kiasi cha kwanza ulichokubali kujilipia mwenyewe. Kiasi hicho ndicho vijana wengi tunakipandisha juu siku ya kununua ili bei ya mwezi ishuke. Ukikiweka pauni 1,000 na gari lako lina thamani ya pauni 1,800, umebaki na 800. Kama gari ni la mkopo, mwenye mkopo bado anadai chake, gari liwepo lisiwepo.

La kwetu lilikuwa la mkopo. Pauni 164 kwa mwezi, na miezi 19 ilikuwa imebaki.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili na kitu. Dai limekataliwa: gari liliachwa bila mtu, ufunguo ukiwa ndani. Nikaenda kwenye kijitabu cha masharti, kile ambacho hakuna anayekifungua, na sharti lilikuwepo, ukurasa wa 14, maneno ya kawaida kabisa. Karibu kila kampuni ya hapa ina sharti hilo. Kinachobishaniwa huwa ni neno "bila mtu". Kama unakwangua barafu upande wa pili wa gari na mtu akaruka ndani, una hoja, kwa sababu ulikuwa karibu kiasi cha kuweza kumzuia. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba na redio inaimba.

Ningeishia hapo, hasara ingekuwa pauni 3,116 na aibu kidogo. Lakini mimi ni msomi, si ndiyo? Nikasema tulalamike. Nikaandika barua ndefu, kwa jina la baba, Kiingereza cha chuo kikuu, maneno kama "unreasonable" mara tano. Baba akasaini. Alisema tu, "Una uhakika?" Nikamwambia ni haki yetu.

Na ni kweli ni haki. Kampuni ikikataa dai lako unalalamika kwao kwanza, wana wiki nane za kukupa jibu la mwisho, na usiporidhika una miezi sita ya kulipeleka kwa Financial Ombudsman Service, bure, bila wakili. Watu wanashinda huko. Tatizo ni kwamba malalamiko yanafungua faili upya, na faili letu lilikuwa na shimo.

Mama mmoja alipiga simu kutoka kampuni. Sauti laini, hana haraka. Aliuliza gari huwa linalala wapi. Mchana je? Siku ya tukio lilikuwa linakwenda wapi? Nani anakwenda Birmingham? Kila siku? Siku tano kwa wiki? Na baba yako yeye huenda kazini kwa njia gani?

Nilimwangalia baba. Baba akaangalia meza.

Waingereza wana neno lao kwa jambo hili. Sisi hatuna, pengine kwa sababu kwetu ni upendo wa kawaida: mzazi anatanguliza jina lake mbele ya la mtoto. Nilipopata leseni, bei ya bima kwa jina langu ilikuwa pauni 2,380 kwa mwaka. Kwa jina la baba, mimi nikiwa dereva wa pili wa mara mojamoja, ilikuwa 870. Hatukujadiliana hata dakika mbili. Kila mtu tunayemjua amefanya hivyo. Mama alisema, "Hela yote hiyo ya nini, na baba yupo?" Na kweli baba yupo, ila baba alipanda gari lile Ijumaa tu, tena mimi ndiye nimeshika usukani. Yeye huenda ghalani kwa basi.

Nimerudia mazungumzo yale kichwani mara nyingi. Nikiwa karani wa familia, ni mimi niliyejaza ile fomu kwenye intaneti. Palikuwa na swali: nani dereva mkuu? Nikamwuliza baba kwa Kiswahili, "Baba, nikuandike wewe?" Akasema, "Niandike." Hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni tamko la kisheria. Kwa sikio lake lilikuwa swali la mtoto anayeomba msaada.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Bima imefutwa toka siku ya kwanza, kana kwamba haikuwahi kuwepo, na fedha tulizolipa hazirudi. Sheria ya mwaka 2012 inawaruhusu. Sheria hiyo inatofautisha aliyekosea kwa uzembe na aliyejua anachofanya. Wa uzembe anaweza kulipwa sehemu, kulingana na bei ambayo angetakiwa kulipa. Aliyejua anafutiwa yote. Sisi tulijua. Yaani, mimi nilijua.

Lakini si hela iliyomuumiza baba. Mle barua ilipokuwa inaeleza matokeo, kulikuwa na mstari unaosema kwamba kuanzia sasa, kila atakapoomba bima ataulizwa kama aliwahi kufutiwa bima, naye atatakiwa kujibu ndiyo. Baba ameendesha magari katika nchi hii miaka 22. Hana ajali. Hana hata faini ya mwendo. Ana mkebe wa biskuti, ile ya bluu ya siagi mnayoijua wote, ambamo hamna biskuti tangu nizaliwe: mna leseni, barua za bima za kila mwaka, na karatasi moja aliyowahi kutumiwa ikimpongeza kwa miaka mingi bila dai. Aliitoa akaiweka mezani pembeni ya barua mpya. Akaziangalia zote mbili. Halafu hakulia.

Gari halikupatikana. Mara moja tu lilionekana: ilikuja faini ya kupita njia ya basi kwenye mji wa jirani, na picha ya Yaris yetu ikiwa na mtu mwenye kofia kwenye usukani. Tuliwapelekea namba ya kesi ya polisi, wakaifuta. Ndiyo maana nawaambia, ukiibiwa gari, hiyo namba ni kama cheti cha kuzaliwa, usiipoteze. Ukiona linaibwa mbele yako piga 999, ukikuta limeshaondoka piga 101, na usimpigie wa bima kabla hujapata hiyo namba, maana ndiyo atakayoiomba kwanza. Mpigie siku hiyohiyo. Mwenye mkopo naye mwambie, na DVLA pia, lakini hao si wa saa ya kwanza.

Kuhusu kuzuia wizi wenyewe, sina mengi. Kwa magari yanayofunguka bila kubonyeza ufunguo, wezi huja wawili: mmoja anasimama karibu na mlango wenu na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo ulioutundika pale ndani, wa pili yuko kwenye gari, na gari linadhani ufunguo umefika. Kuna vifuko vya bei ndogo vya kuzuia mawimbi. Kufuli la usukani la rangi kali linawakera wezi kwa sababu linawapotezea muda. Na mkebe wa biskuti wa chuma unaweza kufanya kazi ya kifuko: weka ufunguo ndani, funika, nenda nao mpaka kwenye mlango wa gari, jaribu kufungua. Likikataa kufunguka, una kinga. Mkebe wa baba tuliujaribu, unafanya kazi. Sasa mna funguo za gari la mama pamoja na zile karatasi.

Na kwa mnaosema hamwezi kulipa hizo pauni 2,380: najua. Kuna njia halali. Jiandikishe wewe kama dereva mkuu, kisha mwongeze mzazi mwenye rekodi nzuri kama dereva wa pili, kama kweli atakuwa akiliendesha. Mara nyingi bei inashuka. Kubali kile kisanduku cheusi kinachorekodi unavyoendesha, hata kama kinakuchongea. Ukitaka kumwazima binamu gari kwa siku moja, kuna bima ya siku moja, hata ya masaa. Bima yako wewe haimfuati kila anayeshika usukani. Ukikamatwa bila bima ni pauni 300 na pointi sita, na kama leseni yako haijafika miaka miwili, pointi sita zinaifuta kabisa, unarudi kusoma kama mwanafunzi.

Niliposimulia haya kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, rafiki yangu mmoja hakuandika kitu. Alinipigia. Hanipigii kamwe, yeye ni mtu wa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Akasema, "Kama baba yako amekubali uandike ya kwake, na ya kwangu iandike. Usitaje jina."

Ilikuwa harusi. Mnaijua: ukumbi, pilau, mama zetu kwa gauni za sare, kaka zetu wa suti, soda mezani. Na baada ya harusi kuna ile harusi ya pili ya vijana, kwenye fleti ya mtu, ambako hamna soda tu. Alikunywa tangu saa nne usiku mpaka saa tisa usiku. Bia tano za painti, glasi ndogo tatu za pombe kali. Akalala kwenye kochi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi akaamka, akaosha uso, akatafuna ubani, akaingia garini. Hakuona kwamba amelewa. Alikuwa amelala, kichwa kinauma kidogo, basi.

Kwa nini asiliache gari akaenda na Uber? Hilo ndilo nililomwuliza. Akanijibu kama vile nimeuliza jambo la kitoto: "Mama anatoka shifti ya usiku saa moja na nusu. Angekuta gari halipo."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Kampeni zote za hapa kuhusu pombe na gari zinamwambia mtu: acha gari, panda teksi, mpigie mtu. Zinamlenga kijana ambaye wazazi wake wanajua anakunywa. Kwenye nyumba nyingi zetu, iwe kwa dini au kwa heshima tu, pombe ni kitu ambacho wazazi hawajui, au wanajua na wanajifanya hawajui, na mkataba huo unashikilia mradi hakuna anayeuvunja kwa sauti. Kuliacha gari nje ya fleti ya mtu ni kuuvunja. Gari lisipokuwepo mlangoni, utaulizwa. Kwa hiyo kijana anaendesha. Haendeshi kwa sababu ni jeuri au hajui sheria. Anaendesha ili mama asijue.

Walimsimamisha saa moja kasoro dakika chache, taa ya nyuma haiwaki. Kipimo cha pumzi kilisoma 48. Kiwango cha England, Wales na Ireland ya Kaskazini nikiandika hivi ni maikrogramu 35 za kilevi kwa mililita 100 za pumzi. Scotland ni 22 tangu Desemba 2014, kwa hiyo mnaopanda Glasgow kwa harusi za binamu, mjue mnavuka mpaka wa kweli.

Fanyeni hesabu yake, mimi niliifanya. Painti moja ya bia ya asilimia 5 ni karibu yuniti tatu kasoro. Tano zinakaribia 14. Ongeza tatu za glasi ndogo, 17. Mwili unatoa kama yuniti moja kwa lisaa, tena kwa makadirio, wengine polepole zaidi. Toka saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi ni masaa tisa. Kumi na saba toa tisa. Nane zilikuwa bado zinazunguka mwilini wakati anatafuna ubani. Kahawa haipunguzi. Kuoga hakupunguzi. Usingizi haupunguzi haraka kuliko kukaa macho. Ni masaa tu.

Aliniambia pia kwamba anajilaumu hakulala ndani ya gari badala yake. Nikamwambia hata hilo lingeweza kumponza. Kuwa ndani ya gari na ufunguo, umezidi kiwango, hata kama umelala kiti cha nyuma, unaweza kushtakiwa kwa kuwa na gari mikononi mwako. Alicheka, lakini si kwa furaha.

Alinyimwa leseni miezi 14, pungufu kidogo kama atamaliza kozi. Alikuwa anasambaza vifurushi, kazi ikaisha siku hiyohiyo. Alama ya kosa hilo inakaa kwenye leseni miaka 11. Ana miaka 23, itaondoka akiwa na 34. Na bima? Angegonga mtu asubuhi ile, kampuni ingemlipa aliyeumia, kwa sababu sheria inawalazimisha, kisha ingemgeukia yeye kumdai ilicholipa. Gari lake mwenyewe asingelipwa, masharti mengi yanasema hivyo wazi. Mtu aliyelazwa wodini na uti wa mgongo uliovunjika anaweza kugharimu mamilioni. Hakugonga mtu. Anajua ni bahati. Alirudia neno hilo mara tatu kwenye simu: bahati, bahati.

Mama yake alijua, bila shaka. Alijua saa tano asubuhi, mtoto aliporudi na teksi kutoka kituo cha polisi akiwa bado na shati la harusi. Hakupiga kelele. Alikuwa bado na sare za kazini. Alimwambia aende akaoge. Jioni, akiwa anakata vitunguu na hamwangalii, akasema: "Ungenipigia. Ningekuja nimenuna, lakini ningekuja."

Rafiki yangu anasema hakujua kwamba hilo lilikuwa linawezekana.

Sasa kwao wamekubaliana jambo, wao wawili. Akimwandikia mama neno moja, "njoo" au hata alama ya swali, mama anakuja au anamlipia teksi, na haulizi mpaka siku mbili zipite. Siku ya tatu anaruhusiwa kuuliza chochote. Mimi nilidhani ni utani. Mama yake alinithibitishia mwenyewe msikitini, kwenye maegesho, na akaongeza kwamba siku mbili ni nyingi, alitaka moja.

Kwetu tumebaki na gari la mama tu. Mwezi jana bima yake iliisha, na baba ni dereva wa pili, wa kweli safari hii, anamwendesha mama sokoni Jumamosi. Tukakaa tena mezani, simu katikati. Nimemaliza deni la Yaris miezi kumi na miwili tu, saba bado. Nalilipa mimi sasa, hilo tulishalimaliza. Yule kijana wa upande wa pili akasoma maswali yake kwa kasi kama anakimbizwa. Jina, tarehe, anwani, kazi. Kisha: je, kuna dereva yeyote aliyewahi kukataliwa au kufutiwa bima?

Nikavuta pumzi ili nitafsiri. Sikuhitajika. Baba aliinamia simu akasema, polepole na kwa sauti, "Yes. Me. One time." Halafu akaanza kueleza yote mwenyewe, gari, barafu, chai, fomu. Yule kijana akajaribu kumkatisha, akamwambia inatosha, anahitaji tarehe tu. Baba akaendelea mpaka mwisho.

Bei ilipanda kwa pauni 310.